Kutoka Lisbon hadi Msambweni: Safari ya Tiba ya Mshipa Uliovimba Kichwani

Kuna maradhi mtu huishi nayo miaka na miaka asijue kama anayo. Ukuta wa mshipa wa damu chini ya ubongo hudhoofika mahali pamoja, hasa pale mshipa unapogawanyika, na kwa kusukumwa na damu usiku na mchana hutuna kidogo kidogo mpaka ukafanya kifuko. Madaktari hukiita aneurisimu. Inakadiriwa kuwa kati ya kila watu wazima 100, 3 hivi wanacho, na wengi wao watazikwa nacho bila ya kuwahi kuwasumbua. Kikipasuka ndipo pana msiba. Damu humwagika kuuzunguka ubongo, kichwa huuma kwa namna ambayo mtu hajawahi kuijua maishani mwake, shingo hukakamaa, na baadhi hufa kabla ya kuonwa na daktari. Katika wanaonusurika, wengi hubaki na ulemavu.

Huku kwetu Kwale, kuanzia Diani hadi Lunga Lunga, tukio hilo halina jina la hospitali. Mtu alikuwa mzima, anakuna nazi au anatengeneza nyavu, ghafla akashika kisogo, akapiga ukelele, akatapika, akaanguka. Majirani husema kapigwa na upepo, au kuna mtu kamtupia jini. Huitwa mwalimu wa madrasa amsomee, au mganga apige ramli, na saa zinakwenda. Siwalaumu hata kidogo. Huo ndio msaada uliokuwa karibu tangu enzi za mababu, na kwa miaka mingi hata huko hospitali hapakuwa na mtu wa kuueleza ugonjwa huu, sembuse kuutibu.

Leo upo uwezo wa kupitisha kistenti, yaani kimrija kilichofumwa kwa nyuzi laini, ndani ya mshipa wenye upana wa milimita 2 tu, katikati ya ubongo, bila kulifungua fuvu, na kile kifuko kikafa chenyewe. Historia ya namna watu walivyofikia hapo ni ndefu, na mimi huisoma kila mara nikijiuliza swali moja: mbona mgonjwa wa Msambweni, hapa Kwale, hayumo?

Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa upasuaji wa kichwa. Miongoni mwa Abagusii wa magharibi mwa Kenya walikuwapo mabingwa walioitwa omobari, waliokuwa wakipasua ngozi ya kichwa na kuukwangua mfupa wa fuvu kwa mgonjwa aliyeteswa na maumivu ya kichwa yasiyokoma, mara nyingi baada ya kupigwa au kuanguka. Edward Margetts, daktari wa maradhi ya akili aliyefanya kazi hospitali ya Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, aliandika kuhusu kazi yao na kuwaona wagonjwa walioishi miaka mingi baada ya kupasuliwa. Omobari alijua mfupa. Mshipa uliolala chini kabisa ya ubongo hakuweza kuuona, kama ambavyo hakuna daktari yeyote duniani wakati ule wa zamani aliyeweza.

Wa kwanza kuuonyesha mshipa huo kwa mtu aliye hai alikuwa Mreno. Egas Moniz wa Lisbon alikuwa daktari na mwanasiasa, na mikono yake ilikuwa imeharibiwa na jongo, hata kazi ya sindano ikabidi ifanywe na msaidizi wake kijana, Pedro Almeida Lima. Wazo lao lilikuwa kuingiza ndani ya mshipa wa shingo dawa inayoonekana kwenye eksirei, kisha kupiga picha haraka kabla damu haijaipeleka mbali. Majaribio ya mwanzo hayakufaulu na mgonjwa mmoja alifariki. Walibadilisha dawa, wakaendelea, na tarehe 28 Juni 1927 mishipa ya ubongo ikatokea kwenye picha, matawi na vitawi. Angiografia ilizaliwa siku hiyo, na yote ninayoyasimulia kuanzia hapa yameegemea picha hiyo.

Mwaka 1931 huko Edinburgh, Norman Dott alimfungua kichwa mgonjwa ambaye aneurisimu yake ilikuwa inavuja. Hakuwa na kifaa cha kuiziba. Alichukua kipande cha msuli kutoka mguuni mwa mgonjwa mwenyewe, akakizungushia kile kifuko na kukikandamiza mpaka damu ikasimama. Mgonjwa alipona. Miaka sita baadaye, tarehe 23 Machi 1937, Walter Dandy wa Baltimore alibana shingo ya aneurisimu kwa klipu ndogo ya fedha. Mgonjwa wake alikuwa mwanamume wa miaka 43 ambaye kope la jicho moja lilikuwa limelegea likafunga, kwa sababu kifuko kilikuwa kinaubana mshipa wa fahamu unaoliinua. Ningependa msomaji alishike jambo hilo la kope, kwa kuwa ni moja ya dalili chache ambazo aneurisimu huzitoa kabla ya kupasuka.

Kwa zaidi ya miaka 50 baada ya Dandy, klipu ndiyo iliyotawala. Wakati huohuo wako waliojiuliza kama mtu anaweza kuifikia aneurisimu kwa kuifuata njia ya damu yenyewe. Huko Moscow, Fedor Serbinenko wa Taasisi ya Burdenko aliwatazama watoto kwenye sherehe za Mei Mosi wakiyaongoza mapulizo yao kwa kuvuta nyuzi. Alitengeneza vipulizo vidogo mno vya mpira, akaviingiza kwenye mishipa kwa mrija mwembamba na kuviachilia ndani, na ripoti yake ya mwaka 1974 iliwashangaza wenzake wa Magharibi. Akafuata Guido Guglielmi, Mwitaliano aliyehamia Los Angeles, aliyegundua kwamba umeme kidogo unaweza kuukata waya ulio ndani ya mwili mahali pale daktari anapotaka. Mwaka 1990 alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa koili: waya laini wa platini unaojiviringa ndani ya kifuko mpaka ukakijaza, damu ikaganda humo. Marekani iliziidhinisha koili hizo mwaka 1995. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa wagonjwa 2,143 waliopasukiwa na aneurisimu ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa waliowekewa koili, na asilimia 30.6 kwa waliofunguliwa kichwa wakabanwa klipu. Tangu hapo njia ya ndani ya mshipa haikuwa tena ya kubahatisha.

Koili nazo zina udhaifu wake. Kifuko chenye mdomo mpana hakizishiki. Humwagika na kurudi kwenye mshipa. Kingine hujaa, kisha baada ya miezi damu huzikandamiza koili na kifuko hufunguka upya. Kilichokuwa kinatibiwa ni kifuko, wakati aliye mgonjwa hasa ni ukuta wa mshipa.

Hapo ndipo lilipokuja wazo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika historia hii. Tangu miaka ya 1990 watafiti kama Ajay Wakhloo na Baruch Lieber walikuwa wakichunguza namna damu inavyozunguka ndani ya kifuko, na nini hutokea ukiweka wavu mbele ya mdomo wake. Anayeujua Mto Ramisi atalielewa bila taabu. Mkondo ukigonga ukingo, huchimba kidimbwi pembeni na maji huzunguka humo yakizidi kuula ukingo. Mkondo ukielekezwa upite moja kwa moja, kidimbwi kile hutulia, matope hukaa, na baada ya misimu kadhaa ukingo hujirudia. Daktari haingii tena ndani ya kifuko. Anatandaza stenti ndani ya mshipa mzima, ikipita mbele ya mdomo wa kifuko, damu ifuate njia yake ya asili. Iliyobaki ndani ya kifuko hupungua mwendo, huganda, na chembe za ukuta wa mshipa huota juu ya nyuzi za stenti mpaka mdomo ukafungika kwa nyama hai.

Stenti ya kwanza ya namna hiyo kupata umaarufu, iitwayo Pipeline, ilitengenezwa California na kampuni ya Chestnut Medical. Imefumwa kwa nyuzi 48 za platini na mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Ikishatandazwa, chuma chake hufunika asilimia 30 hadi 35 tu ya ukuta. Sehemu iliyobaki ni matundu. Kuanzia mwaka 2006 Pedro Lylyk na wenzake wa Buenos Aires waliitumia kwa wagonjwa wao, na mwaka 2009 walitoa taarifa ya wagonjwa 53 wenye aneurisimu 63. Marekani iliiruhusu Aprili 2011, baada ya utafiti wa wagonjwa 108 wenye aneurisimu kubwa na ngumu, zile zilizozishinda klipu na koili. Miezi sita baada ya kutibiwa, karibu robo tatu ya vifuko vilikuwa vimeziba kabisa. Baada ya miaka mitano, miongoni mwa waliochunguzwa, asilimia 95. Tiba hii huzidi nguvu kadiri siku zinavyopita.

Swali ambalo wengi waliliuliza, na hata mimi nililiuliza niliposoma habari hizi mara ya kwanza, ni hili: wavu ule hauzibi pia midomo ya vitawi vidogo vinavyotoka kwenye mshipa huohuo na kuulisha ubongo? Kwa kawaida hauzibi. Kitawi kina mahali pa kupeleka damu. Mbele yake kuna ubongo unaoitaka na vena zinazoitoa, kwa hiyo huendelea kuivuta kupitia matunduni. Kifuko ni njia isiyo na mlango wa pili. Hakivuti chochote, hupokea tu kile kinachosukumiwa ndani. Tofauti hiyo moja ndiyo inayomwokoa mgonjwa asipate kiharusi mezani.

Stenti za mwanzo zilikuwa za mishipa mikubwa, hasa ule unaopanda kutoka shingoni. Aneurisimu nyingi ziko mbele zaidi, kwenye matawi ambako mshipa una milimita 2 au 3, na mirija ya kupitishia stenti ilikuwa minene na migumu mno kufika huko. Ilibidi mafundi waifume upya. Mwaka 2018 kampuni ya Balt ya Ufaransa ilipata idhini ya Ulaya kwa stenti iitwayo Silk Vista Baby, iliyokusudiwa mishipa ya milimita 1.5 hadi 3.5, na ambayo hupita ndani ya mrija wenye tundu lisilofika nusu milimita. Mwaka 2019 Marekani nayo ilipanua ruhusa ya Pipeline hadi aneurisimu ndogo na za wastani, kwenye mishipa ya kuanzia milimita 2. Ruhusa hiyo ilitokana na utafiti wa wagonjwa 141: baada ya mwaka, asilimia 76.8 ya aneurisimu zilikuwa zimeziba, na waliopata kiharusi kikubwa au kufariki walikuwa kama 2 katika kila 100.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Daktari hutoboa ateri ya pajani au ya kifundo cha mkono, huingiza katheta, yaani mrija mwembamba, na ndani ya katheta hiyo nyingine nyembamba zaidi, akiitazama njia yake kwenye skrini. Akishaupita mdomo wa kifuko, husukuma stenti polepole. Ncha yake huchanua kwanza na kushika ukuta. Halafu hurudisha mrija nyuma kidogo, anasukuma kidogo, anarudisha, ili nyuzi zikae sawasawa bila kujikunja. Humimina dawa ya picha. Kabla ya stenti, dawa hiyo huingia kifukoni na kutoka mara moja. Stenti ikikaa vizuri, dawa hubaki ndani ya kifuko, nyeusi, imesimama, wakati mshipa umekwisha kusafika. Daktari akiiona hali hiyo hujua kazi imeshika.

Lakini chuma ndani ya mshipa mwembamba huvuta damu igande. Kwa hiyo mgonjwa lazima ameze aspirini pamoja na dawa kama klopidogreli kabla ya kazi na kwa miezi mingi baadaye, bila kukosa. Akiziacha kiholela, stenti huweza kuziba na akapata kiharusi. Na hapa ndipo nilipopata jibu la swali langu la mwanzo, la mgonjwa wa Msambweni. Mtu ambaye aneurisimu yake imekwisha kupasuka, anayevuja damu kichwani, ni hatari kumpa dawa za kuizuia damu isigande. Kwa huyo madaktari kwa kawaida huanza na koili au klipu, na stenti ya kugeuza mkondo huiacha kwa hali za dharura zisizo na njia nyingine. Stenti hii ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyegunduliwa mapema: aliyepigwa picha ya kichwa kwa sababu nyingine, au aliyechunguzwa kwa kuwa mama yake na dada yake waliwahi kuugua. Ni tiba ya nchi zenye mazoea ya kupiga picha vichwa vya watu wazima wasiolia na kitu. Mgonjwa wetu hugunduliwa amekwisha kuanguka, kama akigunduliwa.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa hata kwamba ugonjwa huu ni adimu kwa Waafrika. Vitabu viliandika hivyo na wanafunzi wa udaktari wakafunzwa hivyo. Angiografia ilikuwa haba, na uchunguzi wa maiti ulikuwa haba zaidi. Hospitali ya Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, na ilipita miongo mingi kabla haijapata mpasuaji wa ubongo aliyesomea kazi hiyo: Renato Ruberti, Mwitaliano, aliyefika Nairobi mwaka 1967. Gerishom Sande, aliyepata mafunzo Belfast, alirejea nyumbani mwaka 1979 akawa Mwafrika wa kwanza wa Kenya katika fani hiyo. Mwaka 2009 Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha uchunguzi wa aneurisimu za ubongo miongoni mwa wagonjwa wa Kenya. Ulipotafutwa, ugonjwa ulionekana.

Ng'ambo ya bahari, Zanzibar, ambako familia nyingi za Vanga, Shimoni na Msambweni zina ndugu, ulifunguliwa mwaka 2014 kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kwa juhudi za wakfu wa NED wa José Piquer, Mhispania, na za Mahmood Qureshi, Mkenya aliyejitolea sana kuwafunza wapasuaji wa ubongo wa ukanda huu. Dar es Salaam, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili nayo imefunga mitambo ya angiografia kwa ajili ya mishipa ya ubongo. Nairobi wapo madaktari wanaoifanya kazi ya katheta kichwani. Utaalamu, basi, umeshafika Afrika Mashariki, ingawa bei ya stenti moja bado ni maelfu ya dola.

Msambweni si kijiji ambacho sayansi haikijui. Kuanzia miaka ya 1980 jina lake limechapishwa katika majarida makubwa ya tiba duniani kwa sababu ya kichocho. Watafiti wa Wizara ya Afya, akiwamo John Ouma na baadaye Eric Muchiri, pamoja na Charles King wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, walikwenda nyumba kwa nyumba na shule kwa shule, Milalani, Nganja na vijiji jirani, wakapima mikojo ya watoto, wakatoa dawa, wakarudi kupima tena mwaka baada ya mwaka. Minyoo ya kichocho nayo huishi ndani ya mishipa midogo ya damu, ile inayokizunguka kibofu. Wazee wa hapa waliokuwa watoto wakati huo wanazikumbuka chupa za mikojo. Kazi ile ilionyesha kuwa maradhi yaliyojificha ndani ya mishipa yanaweza kutafutwa huku huku vijijini kabla hayajaharibu mwili.

Aneurisimu haiwezi kutafutwa kwa chupa, na hakuna serikali itakayompiga picha kila mwananchi kichwa. Kuna kitu kimoja kinachoweza kutafutwa, nacho ni presha. Shinikizo la damu na sigara ndivyo visababishi viwili vikubwa vinavyoweza kuzuiwa, ama vya kukikuza kifuko ama vya kukipasua. Mwezi Septemba 2023 serikali ya Kenya iliwapa wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 mikoba yenye vifaa, na mashine ya kupimia presha imo. Mashine hiyo ikitumika kweli katika kila kitongoji cha Kwale, kaunti yenye watu 866,820 kwa sensa ya 2019, itaokoa watu wengi kuliko stenti yoyote nitakayoisifu hapa.

Kisha kuna njia. Aliyepasukiwa ana hatari kubwa zaidi ya kuvuja tena katika saa 24 za mwanzo. Kutoka Msambweni hadi hospitali kuu ya Makadara, Mombasa, ilikuwa lazima kivuko cha Likoni, na kila mwenyeji anajua maana ya kusubiri feri ukiwa na mgonjwa ndani ya gari. Kukamilika kwa barabara ya Dongo Kundu mwaka 2024 kumetupa njia ya nchi kavu isiyotegemea feri. Hiyo nami naihesabu katika historia ya tiba hii, sawa na klipu ya Dandy.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kwa kaunti: mgonjwa mwenye maumivu ya kichwa ya ghafla apigwe picha ya CT siku ileile, na rufaa yake isingoje asubuhi. Kwa wewe msomaji wa Kwale: mtu wako akishikwa na kichwa cha ghafla kisicho na mfano, akatapika, shingo ikakaza, au kope la jicho moja likaanguka lenyewe, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Anayetaka kumsomea na amsomee, lakini ndani ya gari, wakiwa njiani. Na kama katika ukoo wenu wawili wamekufa kwa namna hiyo, mwambie daktari mapema, ukiwa bado mzima.